Ng'ombe Anayezungusha Ulimi, Ndama Wanaonyonyana: Kutafuta Chanzo Bandani

Banda ni safi, hori lina majani, maziwa yanatoka, lakini ng'ombe ana vituko. Mmoja anazungusha ulimi hewani, mwingine ametafuna ubao wa hori mpaka umebaki nusu, na huko nyuma ndama wawili wamebanana kwenye kona, mmoja ananyonya sikio la mwenzake. Anaitwa mtaalamu, anachoma vitamini, analipwa na kuondoka. Baada ya wiki mambo yako pale pale.

Tabia za namna hii mara nyingi hazisikii sindano kwa sababu hazikuletwa na mdudu. Zimeletwa na saa tupu. Ng'ombe aliye malishoni hula kwa takriban saa nane kwa siku, hucheua saa nyingine saba au nane (nyingi kati ya hizo akiwa amelala), na kulala kwenyewe humchukua saa kumi hadi kumi na mbili au zaidi. Siku yake imejaa. Mlete kwenye banda la ufugaji wa ndani, mkatie majani vipande vifupi kwa mashine, mwekee asubuhi na jioni, naye atamaliza kula mapema na kubaki na mdomo, ulimi na miguu visivyo na kazi. Mabanda ya namna hii ndiyo yaliyojaa Kilimanjaro, Meru, Rungwe, Kiambu na Nyeri, ambako ardhi imegawanywa mpaka basi na ng'ombe anaweza kuzaliwa, kuzaa na kuzeeka bila kukanyaga malisho. Kenya mtindo huu ulienezwa sana na mradi wa kitaifa wa maendeleo ya maziwa ulioanza mwaka 1980. Wachagga nao walikuwa wakifuga ndani na kubeba majani kutoka tambarare tangu enzi za mababu.

Sisemi ufugaji wa ndani ni ubaya. Kwa mwenye nusu ekari hakuna mwingine. Ninachosema ni kwamba ukimfungia mnyama umebeba jukumu la kumtafutia shughuli, na shughuli hiyo si midoli ya kununua. Karibu yote utakayosoma hapa hutengenezwa kwa vitu vilivyopo shambani.

Kabla ya yote: je, ni ugonjwa?

Jiulize tabia ilianza lini. Iliyoanza ghafla, leo au juzi, ichukulie kuwa ugonjwa mpaka ithibitike vinginevyo. Iliyodumu miezi, inayotokea saa zile zile kila siku na kupungua chakula kikifika, hiyo inaelekeza kwenye mazingira. Pima joto: ng'ombe mkubwa mzima huwa kati ya nyuzi 38 na 39.3.

Ng'ombe anayesukumiza kichwa ukutani, anayezunguka duara au anayegonga vitu kama haoni, usimtafutie brashi wala nyasi ndefu. Huyo ana tatizo la ubongo, sumu (madini ya risasi ya betri kuukuu ni mojawapo) au upungufu mkubwa wa vitamini B1. Mwite daktari wa mifugo. Anayetafuna mdomo mtupu huku akinyanyua miguu juu kuliko kawaida, ana homa na alikuwa na kupe, fikiria ugonjwa wa moyo kujaa maji. Aliyezaa wiki chache zilizopita, anatoa maziwa mengi, amekataa pumba na analamba ukuta au mbavu zake bila kukoma, mara nyingi nguvu mwilini zimemwishia baada ya kuzaa. Pumzi yake inaweza kuwa na harufu tamutamu. Na yule anayetoka mate mfululizo, sauti imebadilika, anavamia watu au vitu: usitie mkono mdomoni mwake hata kama unadhani amekabwa na kitu. Kichaa cha mbwa huwapata ng'ombe pia, na wafugaji wengi hugusa mate kwanza, kufikiri baadaye.

Hayo yote yakiwa hayapo, endelea.

Anazungusha ulimi, anatafuna mbao, analamba mabomba

Mwangalie vizuri. Ananyoosha shingo kidogo, anafungua mdomo, ulimi unatoka na kujikunja upande, unarudi ndani, unatoka tena. Mate yananing'inia. Macho yako wazi lakini kama hayaangalii kitu. Mwendo wa ulimi ni ule ule anaoutumia malishoni kukumbatia fungu la nyasi na kulikata, tofauti ni kwamba hapa hakuna nyasi. Atafanya hivyo dakika kadhaa, hasa kabla ya kulishwa au punde baada ya kumaliza hori.

Chanzo cha kwanza cha kuchunguza ni hori lenyewe. Usiulize unampa kilo ngapi, uliza hori linakuwa tupu saa ngapi. Pita saa tano asubuhi, saa tisa alasiri, na ukiweza, saa kumi alfajiri. Wafugaji wengi hushangaa kukuta hori limelambwa safi tangu saa nne usiku, yaani mnyama amekaa usiku kucha bila kitu cha kuvuta. Gawa majani yale yale mara nne badala ya mbili, na fungu kubwa liwe la usiku.

Chanzo cha pili ni urefu wa majani. Ushauri wa kukatakata ni sahihi: mabingobingo yaliyokomaa yakiwekwa mazima, ng'ombe huchagua majani na kuacha mabua, nusu inakwenda kwenye samadi. Lakini kukata kila kitu kuwa vipande vya inchi moja humwondolea ulimi kazi yote. Acha sehemu, tuseme moja ya nne, iwe ndefu: nyasi za kawaida, majani ya Guatemala, hei, au mabua ya mahindi ambayo hayajapita kwenye mashine. Yaweke jioni, juu ya yale yaliyokatwa.

Kuna jingine la Kilimanjaro na Bukoba hasa: mgomba. Shina la mgomba hujaza tumbo na hori, lakini kwa sehemu kubwa ni maji. Wakati wa kiangazi, ng'ombe aliyeshindiliwa mgomba huonekana ameshiba huku nyuzi anazohitaji kucheua hazitoshi. Njia rahisi ya kujua: watazame saa mbili au tatu baada ya kula, wakiwa wamelala. Kama wengi wao hawacheui, nyuzi ni chache, au pumba na mashudu ni mengi kupita kiasi. Hilo la pili ni hatari zaidi kuliko tabia yenyewe, maana tumbo huchacha na baadaye kwato huharibika.

Ukishahakikisha hori, ongeza kazi. Funga fungu la matawi au nyasi ndefu kwa kamba ya katani na ulining'inize kwenye boriti, usawa wa uso wa ng'ombe. Fungu linapoyumba inabidi alishike, avute, alegeze. Chakula ambacho angemaliza kwa dakika kumi kinamchukua nusu saa. Matawi ya kaliandra, glirisidia, mkuyu na lukina yanafaa, ila lukina isizidi theluthi ya chakula kwa sababu ina kemikali inayonyonyoa manyoya na kudhoofisha tezi la shingo. Usitundike kwa kamba ya plastiki. Ataila.

Anayefungwa kamba ana tatizo la ziada. Ulimi unazunguka zaidi kwa mnyama asiyeweza hata kugeuka kujilamba mgongoni. Kama banda haliruhusu kumwachia, mtoe uani japo saa moja kwa siku, kwenye kipande cha ardhi kilichozungushiwa mabanzi. Faida nyingine utaiona haraka: joto la kupandwa huonekana kwa urahisi ng'ombe wakiwa huru, na anayetembea kwato zake hulika sawasawa.

Kuhusu redio bandani, ambayo kila mtu huuliza: haina ubaya ikiwa sauti ni ya chini. Lakini redio haimpi nyasi.

Anakula mifupa, kamba, udongo, mifuko

Hapa tofautisha. Mmoja tu anafanya hivyo? Inaweza kuwa mazoea. Wote wanafanya kwa pamoja? Tafuta madini. Kutafuna mifupa ni dalili ya zamani ya upungufu wa fosforasi, na kulamba mkojo au kuta ni dalili ya kukosa chumvi. Mfugaji atakwambia, "Lakini mimi nawapa magadi." Magadi ni sodiamu. Fosforasi haimo, na magadi ya kaskazini mwa Tanzania mara nyingi huwa na floraidi nyingi ambayo huharibu meno na mifupa. Nunua madini yaliyochanganywa kwa ajili ya ng'ombe wa maziwa, yawepo muda wote, na jiwe la kulamba litundikwe mahali pakavu. Jiwe lina faida mbili, maana ulimi unapata kazi.

Usimwache aendelee na mifupa ukisubiri madini yafanye kazi. Mfupa wa mzoga unaweza kuwa na sumu ya botulizimu inayopoozesha, na haina muda wa kukusubiri. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya mwezi Agosti 2017 na Tanzania Juni 2019, lakini ile iliyozikwa mashambani bado inafukuliwa na jembe kila msimu, na kamba za marobota ya hei hakuna aliyezipiga marufuku. Plastiki haitoki tumboni, hujikusanya kuwa bonge. Misumari na vipande vya waya ni vibaya zaidi: hukaa kwenye tumbo la pili, jirani kabisa na moyo, na tumbo linapojikamua huchoma kuelekea mbele. Fundi akimaliza kupaua banda, pita na sumaku.

Ndama wananyonyana masikio, vitovu, viwele

Hili ndilo ningependa mfugaji alishughulikie kabla ya mengine yote, kwa sababu gharama yake hujitokeza miaka miwili baadaye, mtamba anapozaa na kukuta chuchu moja imeziba au kiwele kimeshaingia uvimbe kabla hajakamuliwa hata tone.

Ndama anayenyonya kwa mama yake hutumia muda kwa kila mlo, hugonga kiwele kwa kichwa, hubadilisha chuchu, na hurudia mara kadhaa kwa siku. Wa kwenye ndoo anapiga lita mbili kwa dakika moja au mbili. Tumbo limepata maziwa, lakini hamu ya kunyonya, ambayo huamshwa na ladha yenyewe ya maziwa, inabaki juu kwa dakika kumi hadi kumi na tano. Katika dakika hizo atanyonya chochote kilicho karibu. Kama kilicho karibu ni kitovu cha mwenzake, basi ndicho.

Kwa hiyo saa ya kuangalia ni ile robo saa baada ya maziwa, na dawa inawekwa hapo hapo. Tumia chupa au ndoo yenye chuchu ya mpira badala ya ndoo wazi. Tundu la chuchu liwe dogo. Najua vijana wa bandani hulipanua kwa wembe ili wamalize haraka, na hapo ndipo faida yote inapotea. Maziwa yakiisha, usiondoe chuchu. Mwache anyonye kavu mpaka achoke mwenyewe. Kisha mpe hei laini na konzi ya chakula cha ndama papo hapo, mdomo uhamie huko. Wafugaji wasio na chuchu ya mpira wawatenganishe ndama kwa kamba fupi kwa robo saa hiyo, halafu wawaachie. Ni suluhisho la chini, lakini linasaidia.

Ikiwa umefanya hayo na bado wananyonyana mchana kutwa, wana njaa. Kanuni ya zamani ya kumpa ndama asilimia kumi ya uzito wake inampa ndama wa kilo 35 lita tatu na nusu tu kwa siku. Ndama huyo huyo akiachiwa mama yake hunywa mara mbili ya hapo au zaidi. Najua lita moja ina bei na kituo cha kukusanyia maziwa kinangoja asubuhi. Hata hivyo, fanya hesabu ya robo moja ya kiwele iliyokufa kwa ng'ombe atakayekamuliwa mizao mitano, kisha urudi kwenye lita mbili za ziada kwa wiki nne au tano za mwanzo.

Wenye ng'ombe chotara wana njia nzuri zaidi, ambayo wengi waliiacha wakidhani ni ya kishamba: kamua, halafu mwachie ndama anyonye yaliyobaki. Ndama wanaolelewa hivyo ni nadra kunyonyana, na kiwele kinachomalizwa na ndama hupata uvimbe kwa nadra pia.

Kuachisha maziwa ghafla huirudisha tabia hata kwa ndama aliyekuwa ameiacha. Punguza taratibu, siku kumi au wiki mbili, ukiangalia kama kweli anakula chakula kikavu.

Pete ya miiba ya puani ipo madukani na inafanya kazi kwa maana moja tu: anayenyonywa anachomwa na kumpiga teke mnyonyaji. Ile hamu inabaki ilivyo. Ninaikubali kwa mtamba mkubwa aliyezoea, kwa sababu ya kuokoa viwele vya wengine, si kwa ndama wa mwezi mmoja.

Wapo wanaotatua tatizo kwa kumfungia kila ndama chumba chake. Kunyonyana kunakoma, kweli, ila unanunua tatizo jingine. Ndama aliyelelewa peke yake huwa mwoga wa vyakula vipya na mzito wa kujifunza. Majaribio ya Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, yalionyesha hivyo waziwazi walipowalinganisha na ndama waliolelewa wawili wawili. Nchi za Umoja wa Ulaya zimekataza kumfungia ndama peke yake baada ya umri wa wiki nane. Hapa kwetu wafugaji wengi wana ndama mmoja kwa wakati, na hakuna wa kumpa mwenzi. Basi chumba chake kiwe mahali anapowaona ng'ombe wakubwa na watu wanaopita, si nyuma ya ghala.

Anasimama tu, au analala kwenye njia ya samadi

Ng'ombe akichagua kulala kwenye tope ilhali umemjengea mahali pa kulala, amekwambia kuna kasoro mahali hapo. Wengine husimama miguu ya mbele juu ya sakafu ya malazi na ya nyuma kwenye njia, saa nzima, kama aliyesahau alichokifuata.

Anza na goti lako. Ingia kwenye malazi, angukia magoti mara moja, kaa sekunde kumi. Ukiumia, naye anaumia, na yeye ana kilo 400 za kuangusha. Ukisimama suruali imelowa, umepata jibu jingine. Zege tupu halifai, hata likiwa na mteremko mzuri. Weka maranda, makapi ya mpunga, majani makavu ya mgomba au mchanga, unene wa kutosha ili goti lisifike chini, na ongeza kila siku kidogo badala ya kujaza mara moja kwa mwezi.

Goti likiridhika, tazama anavyoinuka. Ng'ombe huinua nyuma kwanza. Kabla ya hapo anasukuma kichwa mbele kwa nguvu ili uzito uhame kutoka miguu ya nyuma, na anahitaji nafasi mbele ya pua yake kufanya hivyo. Vyumba vingi vya vijijini vilijengwa futi saba kwa nne, kipimo kinachomtosha chotara. Baadaye uhamilishaji (kupandikiza mbegu) ukaleta Friziani wakubwa, lakini ukuta wa mbele haukusogea. Sasa ng'ombe anajaribu, anagonga, anajaribu tena, na mwishowe anainuka kwa miguu ya mbele kama farasi au anabaki ameketi kama mbwa. Baada ya majaribio ya namna hiyo huahirisha kulala. Ondoa ubao wa mbele, sogeza mti wa shingoni juu na mbele, au vunja ukuta mdogo kati ya malazi na hori ikiwa upo. Manyoya yaliyong'oka shingoni na vidonda kwenye vifundo vya nyuma vinakuonyesha kabisa ni mti upi na sakafu ipi.

Pwani, Tanga au Dar es Salaam, angalia paa kwanza. Ng'ombe mwenye joto husimama ili upepo upite mwilini, kwa hiyo mabati yaliyowekwa chini yanaweza kumsimamisha mchana kutwa hata kama kitanda ni kizuri. Inua paa au weka makuti juu ya mabati.

Kusimama sana huharibu kwato, na kwato zinazouma humfanya aogope kulala na kuinuka. Ukikuta vyote viwili usipoteze muda kubishana kipi kilianza. Kata kwato na rekebisha kitanda wiki hiyo hiyo.

Anajisugua mpaka anang'oa nguzo

Fungua manyoya uangalie kupe, chawa na upele. Tibu kama wapo. Kama ngozi ni safi na bado anajisugua, hana kasoro: ng'ombe anahitaji kujikuna, na sehemu asizozifikia kwa ulimi ni shingo, kichwa na juu ya mkia. Malishoni kuna miti. Bandani kuna nguzo yako.

Mwaka 2018 watafiti wa chuo kile kile cha British Columbia walichapisha jaribio ambalo naliona ni zuri kwa urahisi wake. Waliweka geti zito na kuongeza uzito hatua kwa hatua, ili kuona ng'ombe atasukuma kiasi gani kufikia brashi ya kujikunia. Ng'ombe walisukuma kwa bidii sawa na waliyotumia kufikia chakula kipya.

Brashi za umeme za mashamba makubwa zina bei isiyosemeka. Chukua vichwa vitatu au vinne vya fagio ngumu za kusugulia sakafu, zile za nyuzi za plastiki nene au za mnazi, vipigilie kwenye ubao mgumu vikigusana, kisha funga ubao huo kwenye nguzo imara kwa bolti, wima, kuanzia usawa wa bega hadi juu ya kichwa. Ubao wa pili ulaze kwa mshazari, upande mmoja usawa wa kiuno cha ng'ombe na mwingine juu yake kidogo, ili mrefu na mfupi kila mmoja apate kimo chake anapopita chini. Vichwa vya misumari vizame ndani ya mti. Usitumie brashi ya waya hata iwe bure, kwa sababu ile ile ya tumbo la pili na moyo. Tairi kuukuu pia lina waya ndani, likichanika litoe.

Mahali pa kuiweka pana maana. Ikiwa karibu na maji au kwenye mlango wa malazi, ng'ombe mbabe atajikuna huku amewazibia wenzake njia. Iweke ukutani penye nafasi ya kupita. Akitokea mwenye choa au upele, ondoa brashi, ioshe na kuianika mpaka atakapopona, la sivyo umetengeneza kituo cha kusambazia.

Mwenye ng'ombe mmoja anaweza kutumia mkono wake. Mkune chini ya shingo, taratibu, kabla ya kumkamua. Akinyoosha shingo mbele na masikio yakalegea, umepata penyewe.

Wanapigana horini

Hapa sina mengi. Mbabe anapiga kwa sababu nafasi ni ndogo au chakula ni kidogo. Kila ng'ombe apate sentimita 60 hadi 75 za hori, pembe zikiwepo iwe zaidi, na maji yawe sehemu mbili, hata kama ya pili ni pipa lililokatwa. Usiingize mgeni peke yake: mtoe na mmoja wa wenyeji uani kwanza, warudi pamoja.

Mbuzi wanatoroka, wanang'ata mbao na kupigana vichwa

Mbuzi wa maziwa, wawe Togenbagi wa Meru au wale wa asili ya Norwei walioletwa Mgeta, Morogoro, miaka ya 1980, hufungiwa kwenye banda la kuinuliwa lenye sakafu ya mabanzi. Kwa samadi na minyoo ni banda zuri. Kwa akili ya mbuzi ni jela, kwa sababu mbuzi si mnyama wa kuinamia nyasi. Yeye husimama kwa miguu miwili, huchuma, hupanda, huchungulia.

Mpe viwango. Ubao mpana kama rafu ukutani, futi mbili au tatu juu ya sakafu, unaongeza eneo la banda bila kuongeza banda, na mbuzi mnyonge anapata pa kukimbilia. Chini ya rafu patageuka maficho ya watoto. Weka kizuizi kifupi katikati ya hori ili mlaji asimwone jirani. Mapigano mengi huanza kwa macho. Matawi yatundike juu, pale inapomlazimu kusimama kwa miguu ya nyuma kuyafikia, na uache magome. Akiwa na gome la kubandua, mbao za banda zitapumzika.

Kwa mbuzi na ng'ombe pia, usitundike majani ya mparachichi, ambayo hudhuru moyo na kiwele, wala lantana, wala majani ya mnyonyo. Mtama mchanga au uliochipua baada ya ukame, na majani mabichi ya mihogo michungu, yana sumu ya sayanaidi. Yaanike kwanza au yaache kabisa.

Nitaona mabadiliko lini?

Brashi hutumiwa siku ile ile, au kesho yake kwa waoga. Ndama waliopewa chuchu ya mpira hupunguza kunyonyana ndani ya siku chache. Malazi huchukua wiki moja au mbili, kwa kuwa ng'ombe aliyeumia mahali hapasahau haraka. Mwagia matandiko mapya na umwongoze kwa upole, usimpige aingie.

Ulimi ndio mgumu. Mtamba aliyeanza mwezi uliopita anaweza kuacha kabisa hori likijaa usiku. Ng'ombe wa mzao wa nne aliyezungusha ulimi tangu utamba huenda asiache hata umpeleke malishoni, maana tabia iliyokaa miaka hujitegemea, haihitaji tena chanzo chake. Kwa huyo pima kwa kupungua: hesabu ni mara ngapi kwa nusu saa kabla ya mlo wa jioni, leo na baada ya mwezi. Anatoa maziwa, anacheua, analala vizuri? Usimuuze kwa sababu ya ulimi. Ila ndama wake mpe nyasi ndefu mapema, kuanzia wiki ya pili.